Mtoto anayepiga na kuuma: hatua za kufuata tangu ujauzito

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anamuuma mwenzake begani, anamvuta dada yake nywele, anamrushia bibi kikombe. Wakubwa wanaanza kumtafuta aliyemfundisha. Wanalaumiwa watoto wa jirani, katuni, dada wa kazi, damu ya upande wa baba. Hakuna aliyemfundisha. Kupiga huja kwenyewe mtoto akishapata nguvu za mikono na miguu, na kazi ya malezi ni kumfundisha kuacha. Swali linalopaswa kumsumbua mzazi ni kwa nini mtoto mmoja huacha mapema na mwingine huingia na ngumi zake mpaka darasa la kwanza.

Jibu ninaloliamini zaidi limetoka Quebec, Kanada. Richard Tremblay na wenzake walizifuatilia familia 572 zilizokuwa na watoto wachanga, wakauliza habari za kupiga, kuuma na kusukuma mtoto alipofika miezi 17, 30 na 42. Asilimia 28 ya watoto hawakupiga, au walipiga kwa nadra. Asilimia 58 walipiga kiasi, wakazidi kidogo kidogo. Asilimia 14 walikuwa juu tangu mwanzo na wakazidi kupanda. Matokeo yalitoka mwaka 2004, na sehemu yenye faida kwetu ni pale watafiti walipogeuka nyuma kuuliza hao asilimia 14 walitoka katika nyumba za namna gani. Yaliyojitokeza ni haya: mtoto alimkuta ndugu mwingine mdogo nyumbani, mama alianza kuzaa akiwa na umri mdogo, mama mwenyewe alikuwa na matatizo makubwa ya tabia alipokuwa shuleni, kipato cha nyumba kilikuwa kidogo, na mama alivuta sigara akiwa mjamzito. Mtoto alipofika miezi mitano, mambo mawili yakaongezeka: malezi ya ukali na kulazimishana, na familia isiyoelewana.

Isome orodha hiyo taratibu. Mengi yamo mabegani mwa mama, na watu wengi wakiisoma haraka humgeuzia mama kidole. Mimi naisoma kama orodha ya mizigo, na mizigo mingi kati ya hiyo ina mtu wa pili wa kuishika: mume, mama mkwe, dada, nesi, mwenyekiti wa mtaa. Pia si hukumu. Watoto wengi waliozaliwa katika nyumba zenye mojawapo ya mambo hayo wanakua vizuri tu. Hatari hupanda mizigo inaporundikana, na kila unaoutua unasaidia.

Hatua ya 1: Tofautisha cha umri na cha hatari

Kabla hujamwita mtoto mkorofi, hesabu miezi yake. Kati ya mwaka mmoja na minne karibu kila mtoto hupiga, huuma au hunyang'anya. Maneno hayajamtosha, subira hana, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asifanye la kwanza linalomjia, bado ni changa mno. Baada ya hapo mwendo wa kawaida ni kushuka. Utafiti mwingine wa Montreal uliwafuata wavulana 1,037 wa mitaa ya watu wenye kipato kidogo, tangu chekechea hadi wakafika miaka 15. Wengi walipungua mwaka hadi mwaka. Takriban asilimia 4 walibaki juu muda wote. Halikupatikana kundi la wavulana waliokuwa wapole chekechea kisha wakaanza kupigana sana walipokuwa vijana. Kwa hiyo miaka ya kabla ya shule ndiyo miaka ya kazi.

Chukua daftari dogo, uandike kwa wiki mbili. Kila mtoto anapompiga mtu, andika saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia, na nini kilifuata. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na mara nyingi ndilo lenye jibu. Ukiona kwamba kila akipiga anapewa simu ili anyamaze, umeshajua kinachomlisha. Ukiona anapiga saa kumi na moja jioni kila siku, huenda ana njaa au usingizi. Ukiona anampiga mdogo wake kila mama anapokaa kunyonyesha, anamtafuta mama.

Hatua ya 2: Nenda kliniki mapema, useme kila unachotumia

Hatua hii ni ya mjamzito, na ni ndefu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Wanawake wengi huficha mimba mpaka tumbo lionekane, wakiogopa jicho la watu. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Unaweza kumficha jirani, ila usimfiche nesi.

Ukifika, usisubiri kuulizwa. Taja mambo manne.

La kwanza ni tumbaku, iwe sigara, shisha au ugoro, yako au ya mwenzako anayevuta ndani ya chumba mnacholala. Hapa niseme ukweli wote. Watafiti walipolinganisha watoto wa mama mmoja, mimba moja akiwa anavuta na nyingine akiwa ameacha, tofauti ya tabia kati ya watoto hao ilipungua sana. Maana yake ni kwamba sehemu ya kinachoonekana kama athari ya sigara hutokana na urithi na mazingira ya nyumba. Lakini kwamba sigara humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, au kabla ya siku zake, halina ubishi, na mtoto njiti huanza maisha akiwa na kazi kubwa zaidi ya kujituliza. Sababu ya kuacha ipo palepale.

La pili ni pombe. Hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito, na pombe ya nyumbani ni pombe: mbege, ulanzi, busaa, gongo, chang'aa. Inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake haliwezi kuivunja kama la mtu mzima. Mtoto aliyeathirika sana huweza kuzaliwa na kichwa kidogo na alama za usoni. Walio wengi hawana alama yoyote, ila hushindwa kujizuia na hushindwa kuunganisha kosa na matokeo yake, hivyo huadhibiwa kwa kosa lilelile kila wiki bila kubadilika. Western Cape, Afrika Kusini, ambako wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu waliwahi kulipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu zaidi vya tatizo hili vilivyowahi kurekodiwa duniani. Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, acha leo na mwambie nesi. Kuacha katikati kunasaidia kuliko kuendelea. Aliyezoea kunywa kila siku na akianza kutetemeka anapoacha asijaribu peke yake, aende hospitali.

La tatu ni udongo. Najua wasomaji wengi wanaomjua mtu anayekula pemba, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni karibu na ndimu na tangawizi, na wengine wanaomega udongo wa ukutani. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita walikuta ndani yake madini ya sumu, ikiwemo aseniki. Kwa hiyo usimkaripie anayekula. Mpeleke apimwe wekundu wa damu, apewe vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na asidi ya foliki, avimeze kila siku kama alivyoelekezwa, na avitenge na chai kwa saa moja au mbili, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

La nne ni risasi, yale madini mazito yenye sumu yaliyomo kwenye betri na rangi za zamani, na hili linanikereketa kwa sababu halisemwi kliniki. Mjini Cincinnati, Marekani, wanawake waliandikishwa wakiwa wajawazito kati ya 1979 na 1984 katika mitaa yenye nyumba kuukuu. Risasi ilipimwa katika damu zao, kisha katika damu za watoto wao kwa miaka kadhaa. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba watoto waliokuwa na risasi nyingi zaidi, tangu tumboni au utotoni, walikamatwa na polisi mara nyingi zaidi walipokuwa vijana, yakiwemo makosa ya kupiga na kujeruhi. Kwetu risasi haiko mbali. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kiliwatia sumu wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Nyumbani kwako, uliza maswali haya: kuna anayefungua au kuyeyusha betri uani? Kuna mvuvi anayeyeyusha risasi kutengeneza chubwi za nyavu kwenye jiko linalotumika kupikia? Rangi ya zamani inabanduka ukutani na mtoto anailamba? Sufuria zimetokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa mtaani? Kazi ya kuyeyusha ihamie mbali na nyumba, na mfanyakazi abadilishe nguo na kuoga kabla hajambeba mtoto. Vyakula vyenye madini ya chuma, kama dagaa, maharage, nyama na mboga za majani, vinasaidia pia, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi nyingi zaidi.

Hatua ya 3: Baba, hii ni yako

Mjini Bristol, Uingereza, na maeneo yanayouzunguka, wanawake zaidi ya 14,000 waliingizwa katika utafiti wakiwa wajawazito, watoto wao wakazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliokuwa na wasiwasi mkubwa miezi ya mwisho ya mimba, watoto wao walikuwa na matatizo mengi zaidi ya tabia na hisia walipofika miaka minne, hata baada ya watafiti kuhesabu hali ya mama baada ya kujifungua. Mwili wenye hofu hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa ya homoni hiyo kabla haijamfikia mtoto, lakini si yote.

Hofu ya mjamzito ina sura zinazojulikana: kodi ya nyumba, mume asiyepokea simu, maneno ya mawifi, na kipigo. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16, asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Anayempiga mjamzito anawapiga watu wawili. Naandika hivi bila kupamba kwa sababu mara nyingi nimeona kikao cha familia kikimshauri mwanamke "avumilie mpaka ajifungue", kana kwamba mtoto anaanza kuhesabu siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo, baba, fanya mambo manne. Nenda naye kliniki angalau mara moja, uingie ndani, usiishie getini. Sema mapema fedha za kujifungua zitatoka wapi, hata kama ni kidogo, kwani kutojua kunatisha kuliko uchache wenyewe. Mlinde na maneno ya ndugu zako, na uwajibu wewe, asiwajibu yeye. Na ukihisi hasira inakupanda, toka nje utembee mpaka ishuke. Kama umeshazoea kuinua mkono, tafuta msaada kabla mtoto hajazaliwa: kiongozi wa dini unayemheshimu, afisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha. Mwanamke anayepigwa Tanzania anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na anaweza kumweleza nesi akiwa peke yake chumba cha kliniki. Nesi mzuri humtoa mume nje kwa dakika tano ili aulize.

Hatua ya 4: Mama asiachwe peke yake miaka miwili ya kwanza

Jaribio maarufu la kupunguza hatari hizi lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York. David Olds aliwaandikisha wanawake 400 wenye mimba ya kwanza, wengi wao wadogo, masikini au wasio na mume. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na nesi, kwa wastani mara 9 wakati wa ujauzito na mara 23 baada ya kujifungua, hadi mtoto alipotimiza miaka miwili. Nesi alizungumza nao kuhusu sigara, chakula, jinsi ya kumsoma mtoto, na lini wazae tena. Kingine alichofanya ni kuwaingiza ndugu na marafiki katika malezi. Miaka 15 baadaye, watoto wa mama waliokuwa masikini na wasio na mume walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao ambao hawakutembelewa, na ukatili dhidi ya watoto ulikuwa umepungua.

Lakini kulikuwa na kizuizi. Katika nyumba ambazo mama alikuwa akipigwa sana, faida ya kuwakinga watoto na ukatili haikuonekana. Nesi alifika, mafunzo yakatolewa, kipigo kikafuta. Ndiyo maana nimeiweka hatua ya baba kabla ya hii.

Kwetu tuna mila ya arobaini, ambapo mzazi anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga na kupumzishwa. Ni mila nzuri, ila inaisha mapema mno. Sonona ya uzazi mara nyingi huanza au huonekana wazi baada ya wageni kuondoka. Mtazame mama: halali hata mtoto akilala, analia bila sababu, hafurahii kumshika mtoto, anasema hana faida au anatamani asiamke. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, apelekwe kituo cha afya, maana ni ugonjwa na unatibika. Akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na aende siku hiyohiyo. Mama mwenye sonona huchelewa kumjibu mtoto, au humjibu kwa ukali, na mtoto hujifunza kwamba kelele kubwa tu ndizo zinazosikika.

Gawaneni kazi kwa majina: nani atachota maji, nani atambeba mtoto kwa muda wa saa mbili kila jioni, nani atalala naye usiku mmoja kwa wiki. Ahadi ya "tutasaidiana" isiyo na jina la mtu hubaki kwa mama. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita mtaani kwenu, mwite aingie.

Hatua ya 5: Tazama mdomo, nywele na sahani

Kisiwani Morisi, watoto 1,795 wa miji ya Vacoas na Quatre Bornes walichunguzwa wakiwa na miaka mitatu. Watafiti walitafuta dalili ambazo mzazi yeyote anaweza kuziona: vidonda kwenye pembe za mdomo, nywele zilizopauka kuwa nyekundu, na nywele nyembamba zinazong'oka kirahisi; tena wakapima upungufu wa damu. Watoto wenye dalili hizo walionyesha ukorofi zaidi walipofika miaka 8, tena miaka 11, tena miaka 17. Ubongo unahitaji chuma, zinki, protini na vitamini ili ujifunze kujizuia, na mtoto asiyevipata hucheleweshwa pale pale anapotakiwa kujifunza.

Habari njema nayo imetoka huko. Baadhi ya watoto walipelekwa katika shule maalumu ya awali tangu miaka mitatu hadi mitano, wakapewa chakula bora, mazoezi ya mwili, na michezo ya kujifunza. Walipofika miaka 17 matatizo yao ya tabia yalikuwa machache kuliko ya wenzao, na waliofaidika zaidi ni wale walioanza wakiwa na utapiamlo.

Uji mweupe wa sembe peke yake unashibisha, haujengi. Saga dagaa waliooshwa vizuri na kukaushwa, utie kijiko kwenye uji au ubwabwa. Ponda maharage, tia mafuta kidogo. Yai siku linapopatikana apewe mtoto mdogo kwanza, si baba. Mpeleke kupimwa uzito hata chanjo zikiisha, kwa sababu familia nyingi huacha kliniki mara tu baada ya sindano ya surua.

Hatua ya 6: Pishanisha watoto, na mkumbuke aliyeachishwa

Katika orodha ya Quebec, kuwa na ndugu mwingine mdogo ndicho kilichoonekana kuwa na nguvu zaidi. Watu wakisikia hivyo hushangaa, lakini mama wa watoto wanaofuatana hashangai. Wawili wasiojua kusubiri wanagombea kitu kimoja, na kitu hicho ni yeye. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine. Ongeeni kuhusu uzazi wa mpango kabla mzazi hajatoka hospitali.

Kama wa pili ameshakuja, usimwachishe mkubwa ziwa, usimhamishe kitanda na usimpeleke kwa bibi vyote ndani ya mwezi mmoja. Mpe kazi ndogo wakati wa kunyonyesha, kama kushika kitenge au kuchagua nguo ya mtoto. Na kila siku awe na dakika kumi zake na mama au baba, mdogo akiwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya 7: Siku anapopiga

Kwanza tazama jambo hili linavyotokea. Mama yuko dukani, mtoto wa miaka mitatu anataka pipi. Mama anasema hapana. Mtoto analia, mama anapaza sauti. Mtoto anajitupa chini na kumpiga mama miguu, wateja wanageuka kutazama, mwenye duka anasema, "Mpe tu dada, usimlize." Mama anampa. Mtoto ananyamaza. Hapo wote wawili wamefundishwa: mtoto amejua kwamba teke linaleta pipi, mama amejua kwamba pipi inaleta amani. Kesho mtoto ataanzia kwenye teke. Gerald Patterson, aliyezichunguza familia huko Oregon, Marekani, kwa miaka mingi, aliuona mzunguko huu ukijirudia mara nyingi kwa siku katika nyumba zenye watoto wakorofi. Kuuvunja kunahitaji mambo haya:

1. Shuka mpaka uso wako ulingane na wake. Shika mkono unaopiga, kwa upole lakini usiuachie, useme neno moja: "Hatupigi." Hotuba ndefu haimfikii mtoto aliyepandwa na hasira.

2. Muhudumie aliyepigwa kwanza. Mpiganaji aone kwamba kupiga kunampa mwenzake uangalizi, hakumpi yeye.

3. Mpe maneno ya kile alichokitaka: "Unataka gari. Sema, naomba gari." Watoto waliochelewa kusema hupiga zaidi, kwa hiyo ongea naye mchana kutwa, na kama hasemi hata maneno mawili pamoja akitimiza miaka miwili, au masikio yanatoa usaha, apimwe.

4. Hapana ikishasemwa ibaki hapana. Kama unajua utalegea, sema ndiyo tangu mwanzo, kabla hajalia.

5. Akisubiri, akigawana, akirudisha mkono aliokuwa ameuinua, mwambie umemwona. Wakubwa wengi humtaja mtoto akikosea tu.

Kisha wakubwa tujirekebishe. Mtoto akijikwaa mezani, bibi huipiga meza: "Meza mbaya, tuichape!" Mtoto wa miezi kumi akimzaba baba kofi, sebule nzima hucheka na kusema, "Mpige tena!" Wa kiume akirudi analia huambiwa, "Akikupiga mrudishie." Tunafanya kwa mapenzi, lakini tunamfundisha kwamba maumivu hulipwa kwa pigo. Mpulizie alipoumia, mwambie "pole", basi. Na waliomo ndani ya nyumba wakubaliane sheria moja, dada wa kazi akiwemo, kwa sababu ndiye anayeshinda naye.

Hatua ya 8: Weka fimbo chini

Hili najua litapingwa. Sisi wengi tulichapwa na tunasema tumekuwa watu. Lakini utafiti uliofanyika Tanzania kwa wanafunzi 409 wa shule ya msingi, uliochapishwa 2014, ulikuta karibu wote wamewahi kuchapwa nyumbani na shuleni, na waliochapwa zaidi na familia zao walikuwa na ukorofi zaidi. Mtu anaweza kusema wamechapwa kwa kuwa ni wakorofi, na kwa sehemu ni kweli. Mwendo huwa wa pande zote mbili: ukorofi huleta fimbo, fimbo huongeza ukorofi. Mwenye uwezo wa kuukata ni mtu mzima.

Hata sheria haiko upande wa kumchapa mdogo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inasema adhabu haina uhalali kama mtoto, kwa umri wake mdogo, hawezi kuelewa lengo lake. Mtoto wa miaka miwili haelewi. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza adhabu ya viboko.

Badala ya fimbo tumia matokeo mafupi yanayohusiana na kosa: aliyerusha kikombe anapokonywa kikombe kwa muda huo, aliyempiga mwenzake na gari gari linawekwa juu ya kabati mpaka baada ya chakula. Aliyemwaga anasaidia kufuta. Ukiona mkono wako umeshainuka, mweke mtoto mahali salama, toka chumbani, nawa uso, urudi.

Hatua ya 9: Jua lini utafute msaada

Usisubiri ikiwa ametimiza miaka minne au mitano na bado anapiga karibu kila siku, ikiwa anaumiza watoto au wanyama kwa makusudi, ikiwa amefukuzwa chekechea, ikiwa anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au ikiwa tabia imebadilika ghafla. Mabadiliko ya ghafla yakupe swali la kama kuna mtu anamdhuru. Mtoto aliyepona malaria kali iliyopanda kichwani, aliyepata degedege za mara kwa mara au aliyeumia kichwa anaweza kubadilika tabia kwa sababu ubongo wake umejeruhiwa. Huyo anahitaji daktari, na familia iache kumwita ana mashetani.

Anza kituo cha afya, uombe rufaa ya kliniki ya watoto au afya ya akili. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kufika nyumbani. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure Tanzania na pia Kenya, na mzazi anaruhusiwa kupiga kuomba ushauri. Nenda na kadi ya kliniki ya ujauzito kama bado unayo, kadi ya ukuaji wa mtoto, na lile daftari la wiki mbili. Daktari atauliza mimba ilikuwaje, mtoto alilia alipozaliwa, alianza lini kutembea na kusema, nani anaishi ndani ya nyumba, na nani anampiga nani. Jibu swali hilo la mwisho kwa ukweli. Kama huwezi kulijibu mbele ya uliyekuja naye, omba kuzungumza na daktari peke yako.